Dogo kwa Kiswidi

Mlinzi mwenzangu hapa ughaibuni, Al Thumama, kila akifungua geti, hunong'ona, "Liten, litet, lilla, små." Yote hayo, ananiambia, ni "dogo" kwa Kiswidi, sisi hubadilisha mwanzo wa neno, wao mwisho. Namuuliza, sasa hiyo små imetoka wapi? Anakuna kidevu kwa kidole gumba. Hajui, na mimi ndio kabisa. Anajifunza kwa ajili ya bintiye, aliyepelekwa Uswidi na mamake akiwa bado wa kubebwa. Ijumaa, mama mtu alikubali hatimaye waonane kwa video. Mwenzangu akavua kofia, akanyoosha kola. Kwenye simu akatokea msichana mwenye miwani kando ya mamake, kampita kimo, akapunga mkono. Mwenzangu akanigeukia: "Buda, mkubwa wanamwitaje?"