Jani Nililobandika Kwenye Monita

Sikuwa na nia ya kuwaambia habari hii, kwa sababu kuna watu hapa Mogogosiek ambao mpaka leo wakiniona barabarani wananyanyua jani la chai juu na kuuliza, "Fundi, hii ni rangi gani?", lakini najua mtaisikia tu kutoka kwao ikiwa imetiwa chumvi nyingi, kwa hivyo heri muisikie kwangu mimi Wafula niliyeaibika mwenyewe, tena mbele ya kijiji kizima na mchungaji wake.

Wazazi wangu walitoka Magharibi wakaja huku kuchuma chai, na mimi nilifanya kazi kiwandani miaka sita (ukumbuke hiyo miaka sita, itanirudi) kabla sijafungua kaduka kangu ka picha hapo sokoni, paspoti, kadi za harusi, mabango na kadhalika. Ugonjwa wangu ni udadisi. Monita yangu ya zamani ilikuwa na tabia moja ya ajabu, ukiitazama ukiwa umesimama sura ya mtu inakuwa nyeupe kama amepakwa unga, ukiinama inakuwa nyeusi tititi, kwa hivyo mimi niliyesimama na mteja aliyeketi tulikuwa tunagombana juu ya picha moja kana kwamba ni mbili. Nikajiuliza, sasa kati yetu nani anaona ukweli? Swali hilo lilininyima raha mpaka nikapanda kwenda Kericho mjini kununua monita mpya.

Dukani walikuwa wamepanga monita nne, zote zinaonyesha shamba lile lile la chai, na kila moja ina kijani chake. Nikamuuliza muuzaji ni gani inasema ukweli. Akanijibu, "Boss, hizi zote ni original."

Basi nikatoa flashi yangu yenye picha nilizopiga mwenyewe, nikamwomba azifungue kwenye zote nne, halafu nikaanza kazi, nikasimama kushoto, nikasimama kulia, nikapiga magoti pale sakafuni nikitazama juu kama mtu anayesali (mama mmoja aliyekuja kununua chaja akausogeza mkoba wake mbali nami). Mbili zilibadilika rangi nilipopiga magoti. Ya tatu iliwaka mpaka macho yakauma. Ya nne ilitulia tu, huku na huku, rangi ile ile. Nikaichukua hiyo, na nataka mjue kwamba monita haikuwa na kosa lolote katika mambo yaliyofuata.

Wiki hiyo hiyo Mama Cheptoo, jirani yangu ambaye ni mwalimu, akaniletea kazi. Mama yake, Kogo Tapsabei (kogo ndiyo nyanya kwa Kipsigis, na sisi sote tunamwita hivyo), alikuwa ametolewa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia baada ya miaka mingi ya kupapasa. Sasa familia ilitaka kufanya shukrani nyumbani, na ilitaka bango kubwa lenye sura za watoto na wajukuu wote, hata wale wawili walioko Uarabuni ambao Kogo hajawahi kuwaona vizuri tangu wakiwa wadogo.

"Daktari anataka afanye na ile ya kushoto mwezi ujao," Mama Cheptoo akaniambia, "lakini anaogopa sana. Akiona hawa watoto vizuri, atakubali. Hiyo bango iwe safi, Wafula."

"Madam, niachie mimi," nikasema. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Nilitaka rangi ziwe za kweli kabisa. Saa tatu asubuhi nikatoka nje, nikapiga picha kichaka cha chai kilicho nyuma ya duka, nikachuma majani mawili na chipukizi lake, nikayafuta vumbi kwa kidole gumba, nikayasugua vizuri yang'ae, nikayabandika kwa selotepu pembeni mwa monita. Wazo langu lilikuwa kwamba nikifinya vile vitufe vya chini, nyekundu kidogo, kijani kidogo, buluu kidogo, mpaka jani la kwenye skrini lifanane na lile la kweli nililobandika, basi monita itakuwa haidanganyi tena. Na rangi zilifanana! Kama ningeishia hapo leo ningekuwa mtu wa heshima.

Wakaja wateja wa paspoti. Niliporudi naona jani la skrini limezidi ukijani kuliko lile la kweli. Nikakumbuka nilisoma kwenye simu kwamba monita ikiwashwa inahitaji muda ipate joto ndipo rangi zitulie, nikasema aah, ndiyo inatulia, nikaongeza nyekundu, nikapunguza kijani. Baada ya saa moja, tena haifanani. Nikaongeza nyekundu. Nikaenda kula, nikarudi, nikaongeza tena. Mpaka saa tisa nilikuwa nimefukuzana na hilo jani mara tano na nikalipata, zinafanana kama pacha, na macho yangu yalikuwa yamezoea kiasi kwamba sikuona ubaya wowote.

Jamani, jani la chai lililosuguliwa! Mimi niliyekaa miaka sita kiwandani, sehemu ile ambayo majani yaliyosagwa hulazwa mpaka yageuke rangi ya shaba, kazi yangu ilikuwa ni kuyatazama yakigeuka!

Nikafungua picha za familia ya Kogo, nikaona sura zimekuwa nyekundu kama nyanya. Sikuilaumu monita, nikailaumu kamera ya simu yao. Nikatoa nyekundu, nikatia kijani, sura zikapendeza mno, nikazituma Kericho kwa kijana wa mashine kubwa ya mabango. Akanipigia simu.

"Fundi, hizi sura ziko sawa hivi?"

"Wewe print," nikamwambia. "Screen yangu ni mpya."

Bango lilifika Jumamosi asubuhi likiwa limekunjwa na kufungwa vizuri, na kwa vile hema lilikuwa limeshajaa watu, tukalikunjua chini ya shuka na kulifunga kwenye miti miwili bila hata kuchungulia, ili Kogo alifunue mwenyewe. Mchungaji akaomba. Kogo akavuliwa miwani myeusi ya hospitali, akavuta shuka.

Watu kumi na tisa wa kijani. Meno ya kijani. Mjukuu wa Uarabuni alikuwa kama mboga.

Kogo akarudi nyuma mpaka penye viti, akasema, "Mbona watu yote ni kijani?"

Sasa huku kwetu mtu hamwaibishi mwenzake mbele ya wageni, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mama Cheptoo akanitazama, akasema, "Hapana, mama, wako sawa."

"Wako sawa kabisa," shemeji yake akaongeza.

"Ni picha mzuri sana," akasema mchungaji (mchungaji!).

Kogo akalifunika jicho kwa kiganja, akalifunua, akatutazama sisi, akalitazama bango. "Nyinyi wa karibu naona vizuri. Wale wa mbali wamekuwa kijani. Hata ile ugonjwa ya kwanza ilianza na vitu ya mbali." Akaketi. "Nirudishieni miwani. Na hiyo jicho ingine wasiguse. Wasiguse kabisa."

Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia. Nikamnyang'anya MC kipaza sauti, nikapiga magoti mbele ya Kogo kama nilivyopiga kule dukani.

"Kogo, macho yako ni mazima. Ni kijani kweli. Mimi ndiye nimeharibu, hawa wanakudanganya kwa sababu wananionea huruma." Nikamwelezea lile jani, yote, kwenye spika, na nyuma nikasikia mzee mmoja tuliyefanya naye kiwandani akipiga kelele, "Wafula! Si wewe ndio ulikuwa unaangalia majani ikigeuka?" Hema likapasuka kwa kicheko.

Kogo hakucheka. Aliinama akaniuliza, "Ulikata hiyo jani saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Ukasugua na kidole?"

"Nikasugua."

"Na ukaangalia mpaka saa ngapi?"

"Saa tisa, Kogo."

"Hiyo haikuwa jani tena," akasema. "Hiyo ilikuwa chai. Ungekunywa." Hapo ndipo alipocheka, mpaka akalifuta hilo jicho jipya kwa leso.

Mwezi uliofuata alikwenda kutengenezwa jicho la kushoto. Nilimchapia bango jingine kwa gharama yangu, zuri, lakini lile la kijani alikataa kulitupa, amelitundika sebuleni, akiulizwa anasema siku ile hema zima halikuona isipokuwa yeye.

Na ni kweli. Ndiyo maana nimeapa sitabandika jani kwenye monita tena maisha yangu yote, na kazi yoyote kubwa nachapa kwanza kipande kidogo nampelekea Kogo. Wengine wote wataniambia iko sawa.