Nilivyomrudisha shemeji majini baada ya kufuzu

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Mimi ni mzee wa Janga, Kibaha, shule niliishia darasa la nne. Haya yamo kwenye daftari langu la enzi ya Mwingereza. Nilipokosea nitasema.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa shamba la mkonge, upande wa Kisarawe. Yakatangazwa mashindano ya kuogelea ya watu wazima, Dar. Hupelekwi bila kufuzu: yadi mia kwa dakika moja na nusu, isizidi hata sekunde.

Tulimtegemea Shomari, mkata mkonge, mume wa dada yangu. Siku ya kumpima, majina yalikuwa yanaondoka mchana uleule.

Kwenye bwawa la shamba tulisimika nguzo mbili, kati yake tukafunga kamba ya mkonge ya yadi hamsini. Kwenda na kurudi, mia. Stopwatch nikapewa mimi. (Kwa nini mimi, mpaka leo sijui.)

Mnyapara akapiga filimbi. Shomari akaenda, akageuka, akarudi.

Dakika moja, sekunde ishirini na tisa!

Dada akapiga vigelegele.

Mimi nikatazama nguzo ya mbali. Imeinama kuja kwetu. Kamba iliyolegea asubuhi sasa imekaza.

Wakuu, kamba ya mkonge ikilowa inafupika. Tuliishi nao, tulijua, na hakuna aliyekumbuka.

Nilitamani kuyameza. Nakiri.

Kisha nikasema, "Mnyapara, hiyo si mia. Nguzo imevutwa."

"Shemeji, leo umeamka na mimi?" Shomari akaniuliza, maji yanamtiririka. "Kwani kwenye harusi yangu ulinyimwa pilau?"

Mnyapara akapima. Zilipungua hatua mbili, kwenda na kurudi. "Karani kasema kweli. Rudia, au jina haliendi."

Tukanyoosha nguzo, kamba tukaitoa. Nikaomba Shomari apumzike. Akapewa muda wa sigara moja tu.

Safari hii aligeuka vizuri, ila mwishoni mikono ikawa mizito. Nikabonyeza.

Dakika moja, sekunde thelathini na moja.

Nikaisoma kwa sauti. Dada akaondoka bila kuniangalia.

Shomari, kwa haki yake, hakubisha. Alisema tu, "Ungeiona kabla sijaogelea, shemeji."

Labda asingefuzu hata akiwa na nguvu zake zote. Sijui. Kusema kweli sijutii. Ninachojutia ni kwamba mwenye stopwatch nilikuwa mimi, na nguzo nikaikagua mtu akiwa ameshachoka. Kagueni kipimo kabla ya kumpima mtu.

Ninyi mngesema, au mngemeza? Nichambueni, umri wangu usiwatishe.