Mito ya Kondria Haina Mamba

Mpaka nafika darasa la nne niliamini kabisa, na ningekuapia hata msikitini, kwamba ndani ya mwili wa kila binadamu kuna selo. Si moja wala mbili. Ni nyingi kuliko korosho zote za wilaya yetu, na ndani ya kila selo ameketi mfungwa mmoja aitwaye Kiini. Akitoroka huyo, umekwisha. Ndiyo maana mtu akijikata na panga hukimbilia kufunga kitambaa: anaziba mlango.

Wenzangu tuliokua pamoja mtanielewa. Kijijini kwetu, upande wa Madimba, habari ilikuja na mtu. Mtu huyo akipewa kigoda na bakuli la ming'oko ya moto, vile viazi vyetu vya porini, basi hawezi tena kusema maneno machache. Aliyetuletea habari ya selo ni binamu yangu Hemedi. Alikuwa na vitu viwili ambavyo ukoo mzima haukuwa navyo: alisoma sekondari mjini, na aliwahi kulala selo siku moja kwa kuendesha baiskeli isiyo na taa. Akaja likizo amejaa elimu zote mbili, na sidhani kama mwenyewe alijua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Shuleni alikuwa amefundishwa seli. Lakini sisi tulilijua neno la kituoni tu. Askari wa kutoka bara waliita sero, sisi ile "r" ikatushinda tukaita selo, na kutoka selo hadi seli ni hatua ya mtoto anayejifunza kutembea. Hemedi akachora ya kwake mchangani kwa kijiti cha mkorosho, duara kubwa kama sinia la harusi.

"Huu ukingo ndio utando," akasema. "Ndiye askari wa mlangoni, anapekua kila kitu. Sukari pita, maji pita, wewe mchafu rudi ulikotoka."

Humo ndani, akasema, kumejaa uji mwepesi. Ndani ya uji kuna mafundi wadogo sana, ribosomu, wanaounda nyama ya mwili mchana kutwa bila kudai posho. Kuna wafagiaji, laisosomu, wao chakula chao ni takataka. Katikati yuko Kiini, na pembeni kuna mitokondria, hiyo ndiyo inayotoa nguvu ya kuendesha yote.

Hapo Bibi akaacha kumenya muhogo. Bibi huyu ni mama yake Mama, alivuka Ruvuma akiwa msichana, na mambo ya mito huwezi kumdanganya.

"Mito gani umesema?"

"Mitokondria, Bibi."

"Haya, mito ya Kondria. Ina mamba?"

Msomi wa enzi zile hakuwa na ruhusa ya kusema sijui. Hemedi akakohoa kidogo. "Wachache," akajibu.

Toka siku hiyo kombolela ilikufa kijijini. Tukawa tunacheza selo. Mmoja anakuwa utando, anasimama kapanua mikono, wengine wafagiaji, wengine mafundi, na mwenye mbio kuliko wote anakuwa Kiini. Tulikimbia chini ya mikorosho mpaka mashati yakawa ya rangi ya mabibo tuliyoyakanyaga na kuangukia. Mama alisema doa la bibo hutoka lenyewe msimu ukiisha, na kweli lilitoka, maana msimu ukiisha na shati nalo lilikuwa limekwisha.

Mimi sikuridhika na elimu ya Hemedi, nikaiongezea. Nikatangaza kwamba damu ndiyo barabara ya kuhamishia wafungwa. Anayempa mwenzake damu anampa na wafungwa wake wote, na kila mfungwa anahama na tabia zake. Hili nilimweleza Baba tukiwa shambani, nikiwa nimebeba jembe kama bunduki. Baba alikuwa mtu wa kuchuja maneno. Lakini hakujua kusoma, na mimi nilikuwa darasa la nne. Aliniuliza swali moja tu, "Umefundishwa?" Nikasema ndiyo, haki ya Mungu.

Haukupita mwezi, Mama akajifungua mdogo wangu wa kike na damu ikakataa kukatika. Tukampakia kwenye lori la korosho, kalazwa juu ya magunia, Bibi kampakata mtoto, mimi nimekumbatia furushi la kanga. Barabara ile ilikuwa na mashimo ya kumeza ng'ombe mzima na pembe zake. Hospitali mjini tulifika saa sita mchana, na Mama alikuwa haitiki tena anapoitwa.

Daktari akasema anahitaji damu, na upesi. Wakampima Baba, ikalingana. Baba akarudi nyuma hatua moja.

"Yangu hapana."

Daktari akadhani anaogopa sindano. Baba yangu aogope sindano! Mtu aliyemshika chui mkia, angalau ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia wenzangu. Alikuwa anamwogopea Mama.

"Mke wangu hana nguvu hata ya kuinua kope," akasema. "Nimwingizie wafungwa wangu wote hao? Wakianza fujo mle ndani, nani atawazuia?"

"Wafungwa gani, mzee? Nani kakwambia hayo?"

Baba akaninyooshea kidole, tena kwa fahari. "Huyu hapa. Kasoma."

Sijapata kutamani kuwa mjinga kama nilivyotamani saa ile. Bibi alikuwa ananitazama, daktari ananitazama, na nyuma ya pazia Mama alikuwa kimya. Akatoka msichana mmoja wa maabara, mpima damu, jina lake Dada Anastasia, mwenyeji wa Masasi. Hakunigombeza. Aliniita tu, "Njoo, msomi," akanikalisha juu ya meza mbele ya hadubini, akaweka tone la damu ya Baba kwenye kioo.

"Unaona nini?"

"Vitumbua," nikasema. "Vingi. Vimebonyea katikati."

"Tafuta mfungwa."

Nikatafuta. Nilitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo, kitumbua kwa kitumbua, mpaka jicho likatoa machozi.

"Hamna mtu," nikasema.

"Nenda kamwambie baba yako. Mimi hatanisikia, wewe ndiye mwalimu wake."

Zilikuwa hatua kumi tu mpaka alipokuwa amesimama, lakini kwenda Msimbati kwa miguu ni karibu zaidi.

"Baba, nilikudanganya. Sikufundishwa. Nimeitazama damu yako, hamna mtu ndani."

Akauliza, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akakunja mkono wa kanzu.

Alasiri Mama alifumbua macho akauliza nani anachunga mbuzi. Hapo tukajua kapona. Mdogo wangu aliyezaliwa siku zile sasa ana wajukuu, na nikimsimulia kisa hiki husema nimekitia chumvi. Chui nakubali. Mengine yote yalikuwa hivyo hivyo.

Mimi nilikuja kurudi kwenye vitabu nikiwa na mvi, kwenye kisomo cha jioni, nikafaulu baiolojia, nikawatangazia watu kuwa nimeongoza Mtwara nzima. Tulikuwa sita. Mjukuu wangu wa Shangani anaiona seli kwenye simu, ina rangi zote, inazunguka kama pia, na kabla chai yake haijapoa ameshaisahau. Sisi tulikuwa na picha moja tu mchangani, na kuku waliifuta siku ile ile, lakini mpaka leo naweza kukuchorea. Siwalaumu vijana. Habari inawafikia ikiwa sahihi, ila inakuja bila mtu. Hakuna kigoda, hakuna ming'oko, na hakuna Bibi wa kuacha muhogo akauliza kama kuna mamba. Baba aliniamini mimi mtoto kuliko wao wanavyoiamini ile simu, na hilo ndilo linaloniuma na kunipa raha kwa pamoja.

Siku tunaruhusiwa kurudi nyumbani nilimfuata Dada Anastasia maabara. Alikuwa anaosha vioo. Nikamuuliza wale wafungwa wamefichwa wapi. Hakugeuka.

"Inaitwa seli, si selo. Kiini si mfungwa, ni mwenye nyumba, ndiye anayetoa amri. Ila hizi chembe nyekundu za damu hata kiini hazina. Kazi yake ni kubeba hewa. Baba yako kampa mama yako wapagazi wa hewa, basi."

"Na mito?"

"Si mito. Mitokondria. Nayo kwenye chembe hizi haimo."

"Kwa hiyo mamba..."

"Mamba wako Ruvuma, mwanangu."