Watoto Waliobaki Baada ya Ndui

Ndui ilinishika nikiwa mdogo, ikaniachia uso wenye mashimo. Kwa sababu hiyo, ilipozuka tena Karagwe miaka michache kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza, mimi sikuiogopa. Aliyewahi kuugua haugui tena; hilo kila mtu alilijua. Nilikuwa na miaka kama ishirini, nimeachika, nimerudi kwa baba yangu Nyaishozi, ambako alikuwa na duka la vitambaa, chumvi na shanga. Baba alikuwa mtu wa pwani. Marehemu mama alikuwa Mnyambo wa hukohuko Karagwe, na hata leo ninapoota, naota kwa lugha yake.

Ugonjwa ulipopungua, walibaki watoto. Mkungu, yaani mkuu wa vijiji vya upande ule, aliwakusanya saba katika boma moja Kiruruma chini ya mama mmoja mzee mwenye makovu kama yangu. Walikuwa wamepona, ila ndugu zao waliogopa kuwachukua. Ndizi na maharage walipewa. Lakini hakuna aliyekwenda kukaa nao, akawasikiliza, akacheka nao. Habari hiyo niliisikia dukani kwa mwanamke aliyefuata chumvi, nikaamua nitakwenda mimi.

Yule mzee alinipokea mlangoni pa boma, akaniuliza nimefuata nini. Nikamjibu kuwa sikufuata kitu, nimekuja kuwaona watoto tu. Jibu hilo liliniharibia.

"Mtu asiyetaka kitu hatoki Nyaishozi mpaka hapa kwa miguu," alisema.

Alinikalisha uani, mahali anaponiona. Maandazi niliyokuwa nimebeba alinitaka nionje moja moja, kila moja, mbele yake. Na kabla sijaondoka aliwapanga watoto akawahesabu kwa sauti, huku akiniangalia mimi na si wao. Nilirudi baada ya siku nne, akafanya vilevile. Nikarudi tena. Safari ya tatu wadogo walikuwa wananikimbilia, tunasuka ukili pamoja, nawasimulia hadithi alizonisimulia mama. Mzee hakulegea hata kidogo.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka minane hivi, makovu yamemjaa shingoni, ambaye hakunisogelea. Alikaa karibu na ua, mgongo kwangu, lakini niliona kuwa hadithi ikifika pazuri anaacha kuchezea majani. Siku moja aligeuka.

"Baba yako ndiye yule wa duka?"

Nikamwambia ndiye.

"Bibi anasema watu wa baba yako walikuwa wanapita hapa na watu waliofungwa kamba."

Nilimwambia hayo ni ya zamani, mimi sijazaliwa, na baba yangu hakuwamo.

"Kama hujazaliwa, umejuaje hakuwamo?"

Nilikusanya ukili wangu nikaaga. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na njia nzima nilijiambia kuwa nimemkasirikia mtoto.

Wakati huo baba alikuwa na mgeni kutoka Tabora, mnunuzi wa ngozi na kahawa, mtu mpole mwenye kuzungumza kidogo. Hadi hapo baba alikuwa akinung'unikia safari zangu. Ghafla akaacha. Tukiwa tunakula aliniuliza watoto ni wangapi, wasichana ni wangapi, na kama wamepona vizuri. Mgeni alikuwa akila huku ameinamisha macho. Kesho yake baba alinipa vipande vya kitambaa niwapelekee, na baba yangu hakuwa mtu wa kutoa kitambaa bure hata kwa ndugu yake.

Nilimfuata dukani nikamuuliza, "Baba, unawatakia nini watoto wale?"

Alisema mtoto asiye na mtu ni heri alelewe katika nyumba ya Waislamu kuliko kukaa kwenye boma kama mbuzi. Nikamuuliza ni nyumba gani hiyo. Aliendelea kukunja vitambaa, na mimi nilisimama pale mpaka akaniambia nikaangalie chungu jikoni.

Asubuhi yake nilikwenda Kiruruma bila vile vitambaa, nikamweleza mzee kila kitu. Ilikuwa vigumu, kwa kuwa nilikuwa namsema baba yangu mzazi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunishukuru.

"Kwa hiyo sikukosea," alisema.

"Hukukosea, mama. Ila anayewataka si mimi."

"Nitajuaje?"

Nilipokwenda tena nilimkuta peke yake anamenya ndizi. Watoto wote walikuwa wamegawanywa kwa watu, wengine kwa ndugu waliolazimishwa na mkungu, wengine mbali. Nilimwomba aniambie angalau yule msichana yuko wapi, nimuage tu.

"Baba yako akikuuliza, utasema hujui," alisema, "na itakuwa kweli."

Mgeni aliondoka na mizigo yake ya ngozi na kahawa, bila mtoto hata mmoja. Baba hakuligusa jambo hilo mpaka miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, aliponiambia kuwa mgeni yule hakujaliwa mtoto, na alitaka msichana wa kumlea na mkewe. Nilimfunika shuka nikamwambia apumzike. Sikumwamini, wala sikuweza kusema anadanganya, na mpaka leo niko hapohapo.

Yule msichana nilimwona mara moja tu tena, Kamuli, nilipokwenda kununua kahawa miaka kadhaa baada ya vita. Alikuwa mwanamke mzima, anapalilia migomba, watoto wawili wakicheza karibu naye. Nilimtambua kwa makovu ya shingoni, naye akanitambua kwa uso wangu. Akaweka jembe chini.

"Shikamoo, mama," aliniamkia kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akawageukia watoto wake, akawaambia waingie ndani.