Mpira wa Mashine ya Saba

Watu wenye akili hukusanya ng'ombe. Wengine hukusanya mashamba, na wachache waliosoma sana hukusanya vyeti. Mimi nilikusanya mashine za kufyonza vumbi, tena kuukuu, na sikuona aibu. Nilikuwa karani mjini Bukoba, sikuwa na mke, na mtu wa namna hiyo lazima apate kitu cha kuwachosha wageni wake.

Ya kwanza ililetwa na vita. Wanajeshi wetu walikuwa wanarudi kutoka Uganda baada ya kumng'oa nduli, na baadhi yao walirudi na ushindi mzito kiasi cha kuhitaji lori. Mmoja alipita nyumbani kwetu Kaagya akiwa na njaa. Akamwachia baba dude la bati refu lenye magurudumu, baba akampa jogoo na mkungu wa ndizi, na kila mmoja akaamini amemlalia mwenzake. Baba alidhani amepata bomba la kupulizia dawa mibuni. Alilichunguza wiki nzima akitafuta tundu la kutilia dawa.

"Hii ni ya kufagilia, waitu," nikamweleza kwa adabu nilipokuja kuwasalimu. "Inakula vumbi kwa umeme."

Baba akatazama chini. Sakafu yetu, kama ya kila nyumba ya heshima kijijini, ilikuwa imetandikwa majani mabichi ambayo mama aliyakata rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja. "Sasa ikiyala haya majani ya mama yako, wageni watakanyaga nini?" akauliza.

Umeme wenyewe ulikuwa haujafika Kaagya kujibu kwa niaba yangu. Nikalibeba dude hadi kwangu Kahororo, ambako nilikuwa na sakafu ya saruji na soketi moja. Siku nilipoliwasha, majirani walitoka nje wakitazama juu, maana walikuwa bado na kumbukumbu ya ndege za vita. Nilijiona mtu mkubwa. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa vitu hivyo. Ya pili niliipata kwa mmisionari aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, ya tatu nikaikuta kwa fundi redio aliyeipasua akitafuta redio ndani yake. Shida haikuwa mashine, ilikuwa mipira yake. Kila mashine ina mpira wa unene wake, na kila mpira, ukishafika kwetu, ulipata kazi ya maana kuliko kufyonza vumbi. Mmoja ulikuwa unanyonya petroli kwenye magari. Mwingine ulikatwa vipande vya kufungia baiskeli. Kichwa chembamba, kile cha kupenyeza pembeni mwa makochi, nilikikuta dukani kikiwa faneli ya mafuta ya taa, na mwenye duka akaapa kwamba wazungu walikitengeneza kwa kazi hiyo. Asiyejua maana haambiwi maana, nikamwacha.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliupa jina la kitambaa cha magendo, kwa kuwa waliotangulia kufa ni wale waliokivaa, wafanyabiashara wa kuvuka mpaka, wenye redio kubwa na viatu virefu. Nyumba zao zilipofungwa, vitu vilitoka nje, na miongoni mwa vitu hivyo mara mojamoja kulikuwa na mashine. Ndivyo nilivyofikisha ya nne, ya tano, ya sita na ya saba. Watu walikuwa wanazika kila wiki, mimi napanga mkusanyo wangu kwa ukubwa.

Msidhani nilikuwa mjinga kuhusu ugonjwa wenyewe. Nani angethubutu? Mimi ndiye niliyebandika mabango ofisini, na mimi ndiye niliyewasomea wenzangu kwa sauti kwamba hauambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kunywa kikombe kimoja, wala kwa kukaa kitanda kimoja na mgonjwa. Mhudumu mmoja alipokataa kuosha kikombe cha mwenzetu aliyekonda, nilimhutubia mpaka akalia. Nilikuwa hodari sana wa ugonjwa wa watu wengine.

Halafu akaja dada yangu. Tulifuatana kuzaliwa, na utotoni tulilala kitanda kimoja na kupiga soga mpaka baba agonge ukuta. Aliolewa na mchuuzi wa samaki katika visiwa vya Muleba. Mume akafa, wakwe wakamrudisha na sanduku moja, na kwa kuwa kwangu ni karibu na hospitali, akaletwa Kahororo. Alikuwa mwepesi hata mama alimshusha garini peke yake.

Nilimpokea vizuri, kwa mbali. Nilimpa chumba changu na kitanda changu. Nilimnunulia kikombe chekundu, chake peke yake, nikasema ni zawadi. Nilimwekea redio. Mama ndiye alimwogesha, akamlisha, akalala naye, na mimi kila jioni nilichukua kiti changu nikakiweka mlangoni.

"Kaka," akaniambia siku moja, "mbona unakaa mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa? Njoo ukae hapa kitandani tuongee kama zamani."

"Hapa napata hewa," nikamjibu.

Hakuomba kitu kingine tangu alipofika. Hakuomba dawa, wala nyama. Aliniomba hicho tu, akarudia mara tatu katika wiki mbili, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri yenye sarufi safi.

Mama alipokwenda Kaagya kwa siku mbili kumwangalia baba, nikajua sasa sina pa kujificha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba chumba cha mgonjwa kina vumbi jingi mno. Mashine ya saba ndiyo iliyokuwa na nguvu, ila haikuwa na mpira, na nilikuwa nimesikia kwamba mpira wake uko Izigo, kwa mjane wa aliyekuwa mwenye mashine.

"Vumbi halinisumbui," dada akasema asubuhi ya siku ya pili. "Kaa."

"Linakukoholesha. Nitarudi leo hii."

Nikamwomba jirani amwangalie, nikapanda lori la kahawa. Mjane alikuwa anautumia mpira ule kumiminia rubisi, pombe ya ndizi, kwenye madumu, na hakuona sababu ya kuutoa. Nikabembeleza. Nikamweleza habari ya ndugu mgonjwa na kifua chake, mpaka mama wa watu akatokwa machozi, akausuuza mpira na kunipa bure kwa ajili ya mgonjwa. Alinisifu kwa upendo wangu. Nilizipokea sifa zote.

Nilirudi alasiri, nikaingia chumbani nimeuvaa mpira shingoni. Kabla ya kuufunga kwenye mashine ilibidi niupime kama unavuja. Nikaziba ncha moja kwa kiganja, nyingine nikaitia mdomoni, nikapuliza kwa nguvu. Ulikuwa mzima.

Dada alikuwa ananitazama. "Umeutoa kwa nani?"

"Kwa mjane mmoja Izigo."

"Mumewe alikufa na nini?"

Nilijua, na alijua kwamba najua. Ladha ya rubisi ya nyumba ile ilikuwa bado ulimini mwangu. Hakucheka, wala hakunisuta. Alijivuta taratibu kuelekea ukutani, kidogo kidogo, kwa kazi kubwa, mpaka nusu ya kitanda ikawa wazi. Akaipigapiga kwa kiganja.

Nikachomeka plagi. Nilifyonza sakafu yote ya chumba kile, nikafyonza dirisha, nikafyonza mvungu wa kitanda nikiwa nimepiga magoti, na kelele ile ilinisaidia sana maana haikuruhusu mtu kuniambia neno. Niliogopa. Nilijua kila kilichoandikwa kwenye mabango, nikaogopa hivyohivyo, na nilimpenda mdogo wangu wakati wote huo. Nilipozima, bado alikuwa amejibana ukutani, na mkono wake ulikuwa pale pale.

"Ngoja kwanza nikamwage vumbi," nikasema.

Nilikaa nje nikikung'uta mfuko uliokwisha kuwa mtupu. Mama akafika kutoka Kaagya na kapu kichwani, akalitua kizingitini, akaingia. Kupitia dirishani nilimwona akivua viatu na kupanda kitandani bila kuuliza, akaketi katika ile nafasi. Siku ya tatu yake dada alikufa, na mama alikuwa bado amekaa hapo.