Dole Gumba la Mama Gidamis

Asubuhi moja nilitoka Bashay na koti na daftari, sijui niendako. Shule niliiacha darasa la tano, lakini maswali hayakuniacha. Siku ya tatu nilifika kijiji kimoja cha uwandani, chini ya Mlima Hanang. Mtendaji wa Kijiji aliuona mwandiko wangu daftarini, akanipa kazi papo hapo: karani wa mikutano.

"Utaandika muhtasari, yaani yaliyoamuliwa. Na mahudhurio, majina ya waliofika. Asiyejua kuandika, dole gumba."

Miaka mingi baadaye nilisoma vitabu vya falsafa ya siasa. Vinatenganisha mamlaka na uhalali: mamlaka ni kuweza kuamuru, uhalali ni kustahili kutiiwa. Kinachoviunganisha, wengi husema, ni ridhaa ya watu. Mimi ridhaa niliijua kama pedi ya wino.

Ukaja mkutano wa malisho. Mgeni alitaka uwanda wote alime ngano. Watu walibisha mpaka jua likapinda, wakatawanyika bila uamuzi. Karatasi ya mahudhurio nilikuwa nimeshaizungusha mwanzoni, watu wakasaini au kuweka dole.

Kesho yake Mtendaji alinipa muhtasari aliouandika mwenyewe: wote wameridhia.

"Yale mahudhurio yabane kwa pini nyuma yake."

"Lakini mzee, hawakukubali."

"Walikuja, hawakuja?"

"Walikuja."

"Basi bana."

Nikabana.

Trekta lilipoingia uwandani, akaja ofisini Mama Gidamis, mjane aliyechunga ndama wake pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisomee hiyo karatasi."

Nikamsomea. Akalitazama dole lake.

"Hili lilisema nimefika. Lilisema lini nimekubali?"

Mtendaji akacheka. "Mama, serikali inasoma karatasi."

"Basi karatasi ikachunge ndama."

Akaswaga mifugo yake kuelekea Singida. Sikumwona tena. Ningeweza kusema kweli mbele ya mkutano, nilinyamaza. Nikawatumikia watendaji wengine wawili, na kila mmoja aliniambia, kwa maneno yake, bana.

Nilistaafu bila kuagwa. Nilishuka mjini Katesh mchana, nisikojulikana, nikapata chumba katika nyumba ya wageni. Dada wa mapokezi akanisogezea daftari.

"Shikamoo mzee. Saini hapa."

Nikavaa miwani, nikasoma kila safu.

"Mzee, ni jina tu, kwamba umefika."

"Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanakijiji," nikamjibu, nikafunua ukurasa nione nyuma kuna nini.