Ziwa Tamu, Barabara ya Chumvi

"Mtu wa Singida na boti, wapi na wapi?" Ndivyo alivyosema mtani wangu, mtu wa Tanga, sebuleni kwake Crescent Town, mtaa mmoja wa Toronto, mkono wake ukiwa bado kwenye wali. Nilikuwa nimewatangazia wageni wake kwamba naanza kazi ya kuvuta boti: baridi ikiisha nazichukua majumbani kwa wenyewe nazishusha ziwani, na kabla baridi haijarudi nazitoa majini nazirudisha. Walicheka mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema sitamaliza mwaka. Mwingine aliuliza kama najua mbele ya boti ni wapi. Mtani akamalizia, "Kwao huyu hata mvua huja kwa mwaliko."

Mimi nina Diploma ya Ufundi Mitambo, na nilimaliza nikiwa wa kwanza darasani. Huku Toronto diploma hiyo ilining'inia ukutani tu, kwa sababu katika kiwanda cha mikate nilikofanya kazi hakuna aliyeiulizia. Lakini kilichoandikwa ukutani kilikuwa kichwani pia. Nilinunua pikapu kuukuu na tela la mtumba lililopakwa rangi nyekundu, na mwaka ule ule nikavuta boti nyingi kuliko nilivyotarajia. Mteja mmoja alinipeleka kwa mwingine. Hata katikati ya baridi waliniita niwapelekee boti kwa mafundi.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Novemba, tela likakatika. Nashukuru Mungu halikuwa na mzigo. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu, nikatazama kioo, nikaona tela langu limepiga magoti katikati ya barabara. Fremu ilikuwa ya chuma cha mraba chenye uwazi ndani, na humo ndani kutu ilikuwa imekila chuma kikabaki laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Boti kadhaa zilikuwa bado ziwani, na wenyewe walikuwa wameshanilipa nusu. Maji yakiganda pale gatini, barafu huikumbatia boti mpaka ikaitoboa. Nikishindwa kuzitoa kabla ya hapo, hakuna ambaye angenipa boti tena, na wale waliocheka juu ya wali wangekuwa wamesema kweli.

Nikaenda kwenye yadi moja ya matela, kaskazini mwa mtaa wa Agincourt, kutafuta tela jingine. Mtani alikuja nami. Alijiteua mshauri kwa sababu amezaliwa karibu na bahari. Matela mawili yalifaa. La kwanza lilikuwa jeusi, limepakwa rangi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na bei yake ilikuwa imepunguzwa. La pili lilikuwa la kijivu, limechovywa lote kwenye zinki, halina mvuto, mithili ya sufuria ya shule ya bweni. Bei yake ilinifanya nikohoe.

Muuzaji, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu, aliniambia zinki ni ya watu wanaokwenda baharini. Kwa ziwa letu rangi inatosha. Mtani akadakia kwa Kiswahili, "Umesikia? Zinki ni kinga ya chumvi, na haya ni maji baridi. Utavaaje koti la mvua jangwani?"

Maji baridi ndilo jina letu la maji yasiyo na chumvi, na lile ziwa lilistahili jina hilo mara mbili. Siku yangu ya kwanza ufukweni niliona maji yasiyo na ng'ambo, yenye mawimbi ya kumwangusha mtu. Kwetu Singida ziwa la mjini ni la chumvi, na unaliona mwisho wake. Nikainama, nikachota kiganja, nikaonja nikiwa tayari kutema. Yalikuwa matamu. Nilibaki nimechuchumaa pale muda mrefu, viatu vimelowa, nikijiuliza ni kisima gani kinachoweza kujaza kitu kama kile. Niliona kama Mungu alipofika hapo chumvi ilikuwa imemwishia.

Sasa, kama maji ni matamu, tela langu jekundu lilikuwa limeliwa na nini?

Niliwaomba wanisubiri. Kwenye pikapu nilikuwa nimebeba vipande vya fremu iliyovunjika, nikavigeuza kimoja kimoja. Sehemu ya nyuma, iliyozama ziwani kila mara, ilikuwa nzima. Iliyooza ilikuwa ya mbele, pale magurudumu ya pikapu yanaporusha tope la barabarani. Ndani yake kulikuwa na unga mweupe. Nikauchota kwa kidole, nikaulamba.

"Umeanza kula vyuma?" mtani akauliza. Muuzaji alitazama pembeni kwa adabu.

Ladha ile niliijua kabla sijajua kusoma. Utotoni tulikuwa tukibandua magamba meupe kando ya ziwa letu na kuyalamba mpaka mama zetu watukemee. Ilikuwa chumvi.

Ndipo nikayakumbuka malori. Kila theluji ilipoanguka nilisimama dirishani nikiyatazama yakipita na taa zao za manjano, yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Kwetu mtu hutumwa kwa jirani na kijiko kuomba chumvi. Hawa waliimwaga kwa malori, mtaa baada ya mtaa, mji mzima. Nilikuwa nimeyaona kila mwaka nikastaajabu tu, kama mtu anayetazama gwaride. Pale yadini ndipo nilipoelewa kwamba nimefika nchi ambayo ziwa lake ni tamu na barabara zake ni bahari.

"Nataka la kijivu," nikasema. Nikamweleza muuzaji kwamba zinki imefunika chuma nje na ndani, na kwamba fremu yake ni ya chuma kilicho wazi ubavuni, haina uvungu wa kufichia chumvi; mtu anaiosha yote kwa mpira wa maji. Akatikisa kichwa taratibu. Alisema ameuza matela maisha yake yote na hajawahi kuona mteja akilamba tela.

Fedha yangu ilifika nusu. Nusu nyingine nilikopa kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa dada mmoja Mkenya, muuguzi, tuliyefahamiana naye kanisani. "Ndugu yangu, hii ni karo ya mtoto," aliniambia. "Ukizama, jua mimi sijui kuogelea." Wa pili alikuwa mtani mwenyewe. "Nakupa," alisema, "ili siku ukishindwa niwe na haki ya kucheka."

Boti ya mwisho niliitoa asubuhi ya baridi kali, chini ya majabali ya Scarborough. Ziwa lilikuwa linafuka moshi mpaka upeo wa macho, kama chungu cha nchi nzima. Barafu nyembamba ilikuwa imeanza kuzunguka boti, na nilipoliingiza tela majini ikapasuka kwa mlio wa vigae. Nikazungusha winchi, kamba ikavuta. Boti ile nzito ikapanda tela kama kwa hiari yake, ikitiririka maji, na kukaa mahali pake pasipo kelele. Nimeona hivyo mara nyingi tangu siku ile, na bado huvua kofia.

Niliendelea kuvuta kwa miaka, na kila nilipotoka barabarani nililiosha tela kabla sijala. Halikupata doa la kutu. Gari la mtani, ambaye hakuwahi kuliosha, lilitoboka sakafu, na mkewe akaanza kuona lami ikipita chini ya miguu yake.

Siku ya kulipa madeni nilianza kwa dada muuguzi. Alipokea bahasha yake, akafunga mlango azihesabu fedha, akaufungua tena, akasema, "Kumbe hukuzama." Kisha nikaenda Crescent Town, nikaliegesha tela hadharani, chini ya madirisha ya wote waliocheka. Mtani alishuka na kandambili. Akaitia bahasha niliyompa mfukoni bila kuifungua, akainama chini ya fremu, akapitisha kidole kwenye ile zinki, akakilamba.

"Imekosa chumvi," akasema.

"Ndiyo maana umelipwa," nikamjibu.